Bi Fatma Alloo na jarida lililopewa jina la Siti

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi la waandishi wa habari wanawake walikaa Dar es Salaam wakatafuta jina la jarida lao. Wangeweza kuchukua jina la ua au la nyota, kama yalivyo mengi ya magazeti ya wanawake. Wakachukua jina la mfinyanzi wa Fumba. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1880 akaitwa Mtumwa, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akavuka bahari na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi santuri. Alipofariki mwaka 1950 pwani yote ilikuwa inamjua. Jarida likaitwa Sauti ya Siti. Lilianza kutoka mwaka 1988, na aliyekuwa mbele katika chama kilicholichapisha alikuwa mtu wa kwetu Zanzibar, Bi Fatma Alloo.

Ukisimama Darajani, sokoni mjini Unguja, ukauliza Siti ni nani, hata mkamua miwa atakujibu. Uliza Fatma Alloo ni nani, aghlabu utaambiwa, "Si yule wa tamasha la filamu la Ngome Kongwe?" Ndiye. Lakini tamasha lilikuja baadaye, na kwangu mimi niliyekula mkate wa uandishi, ile kazi ya kwanza ndiyo kubwa. Nimekuwa nikitaka kuiandikia kwa muda, nikisubiri aliye mjuzi zaidi yangu aanze. Hajaanza.

Chama chenyewe, Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, ambacho sote tunakiita TAMWA, kilisajiliwa mwaka 1987. Kupima uzito wa jambo hilo lazima mtu akumbuke habari zilivyokuwa zikitoka wakati ule. Tanzania Bara ilikuwa na redio moja, ya serikali. Magazeti ya kila siku yalikuwa ya serikali au ya chama tawala. Televisheni Bara haikuwepo mpaka 1994 (sisi Zanzibar tulikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, na wazee wetu hawachoki kuwakumbusha watu wa Bara). Mwandishi wa kike alipewa mapishi, malezi na ziara za wake wa viongozi. Mwanamke akipigwa na mumewe, hayo yalikuwa mambo ya ndani. Akiuawa ndipo apate aya moja chini ya ukurasa, na nusu ya aya hiyo ilieleza mume alikasirishwa na nini.

Baadhi yao walishajaribu mapema. Mwaka 1979 walianza kutengeneza vipindi vya redio kuhusu wanafunzi wanaopata mimba, kazi ikakwama njiani. Nadhani hapo ndipo walipojua kwamba mwandishi mmoja mmoja, hata awe hodari vipi, akiwa ndani ya chombo cha watu wengine hupewa ruhusa leo na kunyang'anywa kesho. Waliporudi tena miaka ya 1980, walirudi na chama, ofisi, katiba na jarida. Bi Fatma hakuwa peke yake. Kizazi hicho cha TAMWA kina majina kama Edda Sanga, ambaye sauti yake iliyotoka Radio Tanzania watu wa makamo bado wanaikumbuka, Leila Sheikh na Ananilea Nkya. Sasa ukisoma historia za vyama vya aina hii utakuta kila mtu anataka kujua nani hasa alianzisha. Mimi swali hilo halinisumbui sana. Mwanzilishi anayestahili sifa ni yule ambaye akiondoka kitu kinabaki, na Bi Fatma aliondoka kwenye uongozi wa TAMWA, na TAMWA ipo.

Njia yao ya kazi ndiyo inayonifanya niandike. Mwandishi wa kawaida huona fahari kupata habari peke yake na kuwapiga wenzake bao. Wao walifanya kinyume. Walichagua suala moja, wakalichunguza pamoja, kisha wakalitoa kwa kishindo: magazeti haya na yale, redio, jarida lao wenyewe, yote kwa wakati mmoja. Msomaji aliyelikwepa kwenye gazeti alikutana nalo redioni. Mbunge aliyedhani ni kelele za gazeti moja alikuta ni kelele za nchi. Mtu aliyezoea vyumba vya habari anajua ugumu wake. Inabidi mwandishi akubali habari yake isiwe yake.

Kisha yakaja ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wenzake wa kiume. Pale chuoni palikuwa na mtindo wa kubandika ukutani kashfa na michoro ya kuwadhalilisha watu, wenyewe wakiuita Punch, na waliokuwa na mamlaka wakiuchukulia kama utani wa vijana. Kwa gazeti la kawaida habari ile ingeisha kwa mazishi. Wanawake wa TAMWA na wenzao hawakuiacha. Waliiandika, wakaisema, wakaiunganisha na kesi nyengine za ubakaji na vipigo ambazo kila moja ilikuwa imeandikwa kama ajali ya peke yake. Wakaanzisha kituo cha kuwapokea wanawake waliofikwa na hayo na kuwapa msaada wa kisheria. Mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, iliyoweka kifungo cha miaka 30 kwa mbakaji, na TAMWA walikuwa miongoni mwa waliopiga mbio kuifikisha pale.

Kutoka 1990 hadi 1998 ni miaka minane. Sijui chumba cha habari kinachoweza leo kushikilia habari moja kwa miaka minane. Wengi wetu hatuwezi kuishikilia mpaka Ijumaa.

Jina la jarida, naamini, halikuchaguliwa kwa sababu ya utamu wa sauti tu. Siti alikuwa mwandishi wa mahakamani kabla sisi hatujawa na neno hilo. Katika nyimbo zake upo ule unaomhusu Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutembea. Kijiti alitorokea Bara, hakupatikana, na mahakama ya kikoloni ikaishia kuwaadhibu wanawake waliokuwa na marehemu, kwa kisa cha ulevi. Muuaji huru, mashahidi ndani. Siti akaichukua kesi hiyo akaiimba, na watu ambao hawakuwahi kushika gazeti wakaijua kwa jina la mtuhumiwa, njia aliyopita na hukumu ilivyopinda. Jalada mahakamani lilifungwa. Kwenye maharusi ya mitaa ya Ng'ambo, mjini Unguja, kesi iliendelea kusikilizwa.

Wakubwa wa mji walimcheka, wakasema katoka shamba amevaa kaniki, na lau si sauti angekula nini. Aliwajibu kwa beti kwamba uzuri na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, na ni wasifu mzuri, umeandikwa kwa heshima. Lakini ilichukua miaka 38 baada ya kifo chake ndipo wanawake wanaoandika wakachukua jina lake wakaliweka juu ya kazi yao wenyewe.

Nayaeleza haya kwa sababu kuna maneno yanayorudi kila mara barazani, kwamba mambo ya kudai haki za wanawake yameletwa na mfadhili ndani ya bahasha. Fedha za wafadhili zilikuwepo na zipo, sitadanganya, na nitazirudia. Lakini Ng'ambo ya mwaka 1928, watu walipogoma kulipa kodi ya viwanja, wanawake walikuwemo mstari wa mbele, na hapakuwa na mfadhili. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilikuwa na viongozi, michango, nidhamu na nyimbo za kumsema mtu mpaka ahame mtaa, na hapakuwa na semina elekezi. Bi Fatma na wenzake walichofanya ni kuipa tabia hiyo kongwe karatasi, anuani na namba ya toleo.

Mimi Sauti ya Siti sikulijua kwa kulinunua. Lilikuwa kwenye kasha la shangazi yangu, mkunga mstaafu, chini ya kanga alizozihifadhi kwa ajili ya maiti yake. Nilikuwa nimeanza kazi kwenye chombo cha habari ambacho sitokitaja, nikapita kwake nikiwa nimenuna. Aliponiuliza nina nini nikamwambia nimechoka na habari za makongamano.

"Hebu vuta lile kasha," akasema. "Si hilo, la chini. Hayo magazeti chukua, ila urejeshe. Wewe na nduguzo kila kitu mkichukua hamrejeshi."

"Shangazi, umeyapata wapi haya?"

"Dar, nilipokwenda kozi. Tukipeana hospitali, huyu akisoma anampa huyu. Yalichakaa hivyo kwa kusomwa, usidhani kwa panya."

Nikayasoma usiku kucha. Kiswahili chake hakikuwa chepesi kila mahali. Palikuwa na kurasa zilizoandikwa kwa lugha ya warsha, zile sentensi ambazo "jamii" inafanya kila kitu na hakuna mtu mwenye jina. Lakini palikuwa na kurasa ambazo mwanamke alisimama akasema kilichomfika, na mwandishi akajua kukaa kimya pembeni. Asubuhi nilipomwambia shangazi nimeyapenda, akanijibu jambo ambalo bado nadhani ndiyo tahakiki bora niliyoisikia juu ya kazi ile. "Mazuri. Lakini ndoa wanayoizungumza humo ni ndoa ya Bara. Yetu iko kwa kadhi."

Alikuwa sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar. Jarida lenye jina la mwanamke wa Fumba, lililoongozwa na Mzanzibari, lilikuwa linaandikwa kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo hata kwa nia njema jicho lake lilianzia Dar. Na huku kwetu wakati huohuo palikuwa na sheria ambayo ingetosha kujaza matoleo mengi. Sheria ya mwaka 1985, iliyoitwa ya kuwalinda wari, wajane na waliotalikiwa, ilimpeleka jela mwanamke asiye na mume akipata mimba, hadi miaka miwili. Wakiiita ulinzi. Iliondolewa mwaka 2005, ikaletwa nyengine iliyofuta kifungo cha jela na kuweka kazi za jamii badala yake, na kumpa mtoto wa mzazi mmoja nafasi ya kudai matunzo. Miaka 20 sheria ile ilikaa. Shangazi aliwazalisha wasichana waliojificha shamba mpaka wajifungue, wengine wakifungwa matumbo kwa kanga, kwa kuogopa wasionwe wakashitakiwa. Hayo hakunisimulia siku ile. Alinisimulia baadaye sana, tukichambua mchele, kama mtu anayetaja bei ya samaki.

Sheria ilibadilika, tabia ikabaki. Kila anayefuatilia kesi za udhalilishaji wa watoto hapa visiwani anaujua muhali, ile haya ya kumshitaki mtu wa karibu. Mtuhumiwa ni mjomba, au ni mume wa shangazi, au ni jirani ambaye mkeo ananyonyesha na mkewe. Utampeleka vipi mahakamani mtu ambaye kesho mtakutana naye kwenye hitima? Sheha, kiongozi wa mtaa, anaambiwa, wazee wanakaa, fedha kidogo inatoka, mtoto anahamishiwa kwa bibi yake Pemba, au kama ni wa Pemba analetwa Unguja. Mwaka ukipita hakuna anayezungumza.

Nilipokuwa naripoti mahakama, nilifuatilia kesi ya aina hiyo. Sitataja mahakama wala wilaya, maana mtoto yule sasa ni mtu mzima. Kesi ilitajwa, ikaahirishwa kwa sababu shahidi hakutokea. Ikaahirishwa kwa sababu daktari aliyemchunguza mtoto kahamishwa. Ikaahirishwa hakimu akiwa safarini. Mama yake alikuja kila mara akiwa na mtoto mchanga mkononi, akakaa kwenye benchi lile la nje, akiwaangalia ndugu wa mtuhumiwa ambao walikuwa pia ndugu zake. Baadaye akaacha kuja. Nikaambiwa wamekaa kifamilia. Nikarudi chumba cha habari nikamwambia mhariri wangu nina habari.

"Kesi imehukumiwa?"

"Imefutwa, hakuna shahidi."

"Sasa habari iko wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo ndiyo habari: nani alimlipia nani nauli, nani alimwambia mama anyamaze, na kwa nini barua ya kumwita daktari haikumfikia alikohamia. Mhariri wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kurasa za kujaza, gari moja, na orodha ya mialiko ya viongozi iliyokuwa na posho. Kukamatwa kwa mtu ni habari, kwa sababu polisi wanaitisha waandishi. Hukumu nayo ni habari. Katikati ya kukamatwa na hukumu pana miezi, pengine miaka, ambamo kesi inaliwa polepole, na huko hakuna anayempeleka mwandishi. Nilipoyasoma magazeti ya shangazi ndipo nilipoona kwamba kulikuwa na watu waliokaa hasa huko katikati. Walikuwa na chama, kwa hiyo hawakuhitaji ruhusa ya mhariri.

Nimewahi kusoma habari za Doria Shafik wa Misri, na kila nikimsoma namfikiria Bi Fatma, ingawa maisha yao hayafanani. Doria alipata shahada ya udaktari Sorbonne, mwaka 1945 akaanzisha jarida la Bint al-Nil Cairo, na Februari 1951 akaongoza wanawake wapatao 1,500 wakaingia bungeni kudai haki ya kupiga kura. Mwaka 1954 aligoma kula. Mwaka 1957 Nasser akamfungia nyumbani, majarida yake yakafungwa, na jina lake likapigwa marufuku magazetini. Aliishi hivyo karibu peke yake hadi alipofariki mwaka 1975 kwa kuanguka kutoka kwenye roshani ya nyumba yake. Alikuwa mshairi pia, tena mzuri. Jarida lilikuwa ni yeye, kwa hiyo aliponyamazishwa yeye jarida likanyamaza.

Bi Fatma na wenzake, kwa kujua au kwa tabia ya kujumuika tuliyonayo, walikijenga kitu ambacho hakimhitaji mtu mmoja. Hilo lina gharama yake. Mwanzilishi wa chama anatumia wino wake kwenye maandiko ya miradi, barua kwa wizara, kumbukumbu za vikao na ripoti za matumizi. Ukitafuta maandishi yake mwenyewe utayakuta kwenye vitabu vya watu wengine: mwaka 1995 aliandika juu ya TAMWA na teknolojia ya habari, na mwaka 1999 juu ya Zanzibar na intaneti, katika kitabu kilichohaririwa na Wendy Harcourt. Fikiria mtu anaandika juu ya Zanzibar na intaneti wakati ambao wengi wetu hatujaiona kompyuta. Masikitiko yangu ni kwamba sura hizo mbili ziko kwa Kiingereza. Msichana wa Makunduchi anayetaka kujua mwanamke wa kisiwa chake aliwaza nini juu ya simu aliyoishika mkononi, itabidi asubiri mtu amfasirie.

Juu ya fedha niliahidi kurudi. Jarida linalolipiwa na mfadhili hutoka mfadhili akiwepo. Halihitaji muuzaji wa mtaani, kwa hiyo halijengi njia ya kumfikia mnunuzi, na siku fedha ikielekezwa kwenye mradi mwengine, wasomaji hawana namna ya kuliokoa kwa sababu hawakuwa wakililipia. Nakala za shangazi zilitembea mkono kwa mkono hospitalini. Wasomaji wale wote wangetoa shilingi zao lau pangekuwa na mtu wa kuwauzia bandarini au sokoni Mwanakwerekwe. Hili si kosa la TAMWA peke yao. Majarida mengi ya harakati Afrika Mashariki yalikufa au kudhoofu hivyohivyo, na waliobaki wakahamia kwenye semina, ambazo zina bajeti ya chai.

Lakini Bi Fatma anaonekana kuwa mtu asiyeng'ang'ania chombo kimoja. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Tamasha la Nchi za Jahazi, ambalo wengi wanaliita ZIFF, lililofanyika mara ya kwanza mwaka 1998. Watalii wanaliona lile la Ngome Kongwe, muziki na viti vya plastiki. Mimi nililiona upande mwengine, kwenye maonesho ya vijijini, shuka jeupe limetandazwa ukutani mwa skuli, na kwenye vikao vya wanawake vilivyokuwa sehemu ya tamasha tangu miaka yake ya mwanzo. Pale wanawake walitazama filamu halafu wakazungumza, na waliozungumza zaidi hawakuwa wale wenye vitambulisho shingoni. Palikuwa na mkulima wa mwani kutoka mashariki ya kisiwa aliyesema kwamba tangu aanze kulima mumewe hampi fedha ya matumizi, anamwambia "unayo". Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Kuna makala nyingi juu ya mwani na soko lake. Hilo la "unayo" sijaliona likiandikwa.

Huku Zanzibar, TAMWA ina ofisi yake Unguja na Pemba, na kwa miaka mingi imeongozwa na Dk. Mzuri Issa. Ukihudhuria mikutano yao utakuta waandishi wasichana wanaojua vifungu vya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 kwa moyo, jambo ambalo kizazi changu hatukuliweza. Wanaandika idadi za kesi zilizoripotiwa, wanahesabu zilizofika mahakamani, wanauliza nyengine zimekwenda wapi. Mwaka 2021 ilianzishwa mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji, na mbinyo wao ulikuwemo katika safari hiyo. Hatari nayo ipo: Machi 2016, siku chache kabla ya uchaguzi wa marudio, mwandishi mwenzetu Salma Said alitekwa alipofika Dar es Salaam, na ilichukua siku kabla ya kupatikana. Mama yangu tangu siku hiyo akiona jina langu chini ya habari ya siasa hunipigia kuniuliza nimekula nini, ambayo ndiyo namna yake ya kuuliza niko wapi.

Kile ambacho bado hatuna ni jarida. Tuna kurasa za mitandao, video fupi, vipindi vya redio za jamii, na vyote vina kazi yake. Lakini chapisho la wanawake wa Unguja na Pemba, linaloandikwa hapa, linalozungumza ndoa ya kadhi, edda, matunzo ya watoto, mwani na nyumba za urithi, lenye bei na wauzaji, hilo sijaliona. Mwaka uleule wa 1988 ambao Sauti ya Siti ilitoka Dar, Zanzibar ilipitisha sheria yake ya usajili wa magazeti na vitabu, Namba 5, ambayo kwayo gazeti lazima lisajiliwe na linaweza kufungiwa kwa amri. Gazeti la Dira lililohaririwa na Ali Nabwa lilifungiwa kwayo Novemba 2003. Waandishi wamekuwa wakidai ibadilishwe kwa miaka mingi. Anayetaka kuanzisha jarida inabidi aisome kwanza, na akimaliza kuisoma wengi huamua kufungua akaunti ya Instagram.

Na kabla ya hilo kuna kazi ndogo isiyohitaji usajili: kuyakusanya matoleo ya zamani. Yamo makashani. Walionayo ni wakunga, walimu, makarani waliokwenda kozi Bara miaka ile, na wengi wao ni watu wazima sana sasa. Atakapofariki mmoja wao, wajukuu watagawana kanga na karatasi zitafungiwa ubuyu. Ya shangazi nimeyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na nimeyarejesha, maana aliniuliza kila wiki mpaka nikayarejesha.

Jarida hilo likija, na likiwa langu kulipanga, safu ya kwanza ningeiita "Imeahirishwa". Kila toleo, orodha: mahakama gani, kosa gani, imeahirishwa mara ngapi, kwa sababu gani, itatajwa tena lini. Jina la mtoto halimo, la mahakama limo. Ingetoka hivyo kila mwezi, bila maoni, mpaka mtu wa ofisi ya mashtaka aanze kununua nakala yake mapema kuangalia kilichoandikwa. Ukurasa wa mwisho ningewaachia watunga mashairi, maana gazeti lisilo na shairi Pemba halinunuliwi.